Wasomaji Waliopigana

Bibi yangu alizikwa Bagamoyo, Jumamosi moja, saa kumi jioni. Ilipofika saa mbili usiku mimi mjukuu wake nilikuwa nimeshashinda mjadala kwenye msiba wake. Nasema nilishinda kwa sababu niliyekuwa nabishana naye aliishiwa maneno. Alichukua kanga yake, akajitanda, akaondoka bila kula.

Niliyemshinda ni mama mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama mdogo ndiye aliyenichukua. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mananasi yake ya Kiwangwa. Hata herufi alinikazania yeye, maana shuleni tulikuwa tumebanana na mwalimu hakuwa na muda wa mtoto asiyejua kusoma. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mkweli, mdomo nilioutumia kumnyamazisha ulifundishwa kusoma na yeye mwenyewe.

Chanzo kilikuwa rozari. Ukoo wetu ni Wakatoliki wa siku nyingi, lakini mama mdogo alishahamia kwa walokole miaka kadhaa kabla ya msiba. Hatukugombana wakati huo. Alikuwa akija nyumbani mtu anamkaribisha kwa "Tumsifu Yesu Kristu," yeye anajibu "Bwana Yesu asifiwe," tunacheka, maisha yanaendelea. Nchi hii yote ndivyo ilivyo: ukitaka kujua mtu anasali wapi, sikiliza anamalizia jina la Bwana kwa o au kwa u. Kristo au Kristu. Mmoja unasikika kama Kigiriki, mwingine kama Kilatini, na Yesu mwenyewe nyumbani kwao alizungumza Kiaramu.

Usiku ule haikuwa kicheko. Tulikaa uani chini ya turubai, tukasali, yeye akakaa pembeni bila kuitikia. Binamu yangu mmoja akauliza kwa sauti, mbona mtoto wa marehemu haitikii? Mama mdogo akajibu taratibu kwamba yeye anamlilia mama yake, ila marehemu haombewi. Angeachwa hapo, yangeisha. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, nina shahada, na simu ilikuwa mkononi.

Nikamsomea 2 Wamakabayo sura ya 12, pale Yuda Makabayo anapowaombea wapiganaji wake waliokufa. Akasema kitabu hicho hakimo kwenye Biblia yake. Ni kweli: yangu ina vitabu 73, yake ina 66. Akanijibu kwa Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja kisha ni hukumu. Nikamuuliza nani aliyempa ruhusa ya kupunguza vitabu. Nikamtajia mitaguso. Nikamtajia Martin Luther. Watu wakaanza kuguna kwa kufurahia, kama uwanjani. Nilipoona anatafuta neno na halipati, nikaongeza lingine. Basi, akanyanyuka.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiislamu, fundi seremala ambaye asubuhi ile alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, alikuwa amekaa mkekani akisikiliza. Mama mdogo alipotoka, mzee akaniuliza, "Sasa baba, marehemu mwenyewe alikuwa anasemaje?" Sikuwa na jibu. Bibi hakuwahi kutaja Wamakabayo wala Waebrania maishani mwake. Alikuwa anauliza watu kama wamekula.

Miaka miwili mama mdogo hakukanyaga nyumbani kwetu.

*

Nilichokuja kukigundua baadaye kinanitia aibu zaidi ya ugomvi wenyewe. Ule mstari wa Wamakabayo nilikuwa sijawahi kuusoma. Yaani niliusoma usiku ule, kwenye simu, baada ya kuutafuta, huku naendelea kuongea. Sura iliyouzaa sikuijua. Siku moja, miezi mingi imepita na dhamiri inanisumbua, nikakaa nikaisoma yote.

Sura hiyo inasimulia vita. Yuda na watu wake wanarudi kuwaokota wenzao waliouawa ili wawazike. Wanapowanyanyua, wanakuta chini ya kanzu za marehemu vitu vya sanamu za Yamnia, hirizi ambazo Sheria iliwakataza. Kwa hiyo wale wafu hawakuwa watakatifu wa kupigiwa mfano. Walikuwa wenzao waliokosea, na kosa lenyewe lilikutwa limefichwa nguoni. Waliobaki hai wangeweza kuwaacha pale wakasema, wameyataka wenyewe. Badala yake walisali, wakachanga fedha, wakazipeleka Yerusalemu ikatolewe sadaka kwa ajili ya dhambi ile. Sura niliyoitumia kama rungu inahusu watu waliokataa kuwaacha ndugu zao hata baada ya kugundua makosa yao. Nami niliisoma kumwambia mtoto wa marehemu kwamba amekosea, mpaka akaondoka.

Nikasoma na ya kwake, Waebrania sura ya 9, mwanzo hadi mwisho. Sura hiyo inazungumzia hema, damu na kuhani mkuu, na kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, hana haja ya kurudia kila mwaka. Kifo cha mwanadamu kimetajwa ili kupata mfano wa ile "mara moja". Mwandishi hakuwa amekaa msibani akijibu swali la rozari. Mwanateolojia anaweza kujenga hoja yake hapo, na wamejenga, kila upande kwa heshima yake. Lakini sisi wawili usiku ule hatukujenga kitu. Kila mmoja alichomoa tofali kwenye nyumba ya mtu akamrushia mwenzake.

Ninapozungumzia kusoma Maandiko kwa makini simaanishi kujua Kigiriki, ingawa anayejua atusaidie. Namaanisha mambo ambayo mama mdogo alinifundisha kwenye gazeti kuukuu nikiwa darasa la tatu: anzia mwanzo, usiruke, fika mwisho, halafu niambie nani anaongea na anaongea na nani. Ukisoma hivyo, jambo moja hutokea bila wewe kulitaka: unapungua haraka. Ule mstari uliokuwa mkali kama wembe ukiwa peke yake, ukiurudisha kati ya ndugu zake unaanza kukuuliza na wewe maswali.

*

Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 2, una mafundisho mawili yaliyokaa jirani kabisa, na kwa miaka yote niliyasikia yakihubiriwa kila moja kivyake. La kwanza, mstari wa 14, linakataza kupigana kwa maneno. Kwa Kigiriki ni kitenzi kimoja, kimeundwa kwa "neno" na "pigana". La pili, mstari wa 15, linamtaka Timotheo awe mfanyakazi asiye na sababu ya kuona haya, anayelishughulikia neno la kweli inavyostahili. Kitenzi cha Kigiriki hapo maana yake ya asili ni kukata kitu kikanyooka. Matendo ya Mitume yanatuambia Paulo alikuwa fundi wa mahema. Ukimwambia fundi kukata kunyooka haihitaji mahubiri: anajua pande moja likipinda, hema litavuja usiku wa mvua juu ya mtu aliyelala.

Nilikwenda kwa yule mzee seremala nikamuuliza, bila kumwambia naulizia nini, anajuaje ubao umekatwa sawa. Akasema anapima kabla, anapiga mstari, halafu anakata akiwa ametulia, "maana ukikata huku unagombana na mtu, msumeno unakufuata wewe." Nikacheka peke yangu njia nzima. Timotheo anaambiwa jambo hilohilo: usigombane, na ukate kunyooka. Jambo la kwanza lisipokuwepo, la pili haliwezekani.

Katika mstari wa 14 kuna kitu nilikuwa nikikipita kila siku. Sababu ya kukataza vita vya maneno imetajwa palepale, nayo ni wale wanaosikiliza. Hao ndio wanaoharibikiwa, na neno la Kigiriki lililotumika ndilo ambalo lugha za Ulaya zimelichukua kuitia jina balaa kubwa. Wabishanaji hawakutajwa kama waathirika. Wao mara nyingi hurudi nyumbani salama, wamechangamka, wanakumbushana vipande vitamu. Bili inapelekwa kwa waliokaa mkekani.

Kama neno hilo linaonekana kubwa mno kwa ugomvi wa misibani, nina ushahidi wa jinsi linavyoweza kutimia kwa uzito wake wote. Na ushahidi huo, kwa bahati mbaya, ulianzia safari yake pwani ya kwetu.

*

Bagamoyo ya miaka ya 1870 ilikuwa mlango wa misafara. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika 1868, wakaanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1878 Mapadre Weupe walipita hapa, wakakusanya wapagazi, wakaelekea bara. Siméon Lourdel, Mfaransa, alikuwemo. Upande wa kaskazini, palepale pwani, kuna Saadani, ambayo leo watu wanaijua kwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1877 Alexander Mackay, Mskoti fundi mitambo aliyetumwa na CMS ya Waanglikana, alianza hapo kufyeka barabara mpaka Mpwapwa. Mmoja akatokea Bagamoyo, mwingine Saadani, wote wakakutana mbele ya mtu mmoja: Kabaka Mutesa wa Buganda.

Mackay alifika kwa Mutesa Novemba 1878, Lourdel Februari 1879. Wote wawili walikuwa watu jasiri na wenye bidii. Sitaki kuwafanya vikaragosi. Mackay alichapa kurasa za Maandiko kwa mashine aliyoihangaikia kwa mikono yake. Lourdel alitibu wagonjwa, na Waganda wakamwita Mapeera, wakilitamka kwa namna yao neno la Kifaransa la kumwita padre. Lakini mwaka 1879, katika sala ya Waanglikana mbele ya Kabaka, Lourdel hakupiga magoti. Mutesa akataka kujua kwa nini. Pakazuka majibizano makali, mmoja akisema mwenzake anafundisha uongo, na mwenzake akirudisha. Mackay mwenyewe aliandika habari za siku hiyo, na kinachojitokeza katika maelezo yake ni mfalme aliyechanganyikiwa: watu weupe wawili, Mungu mmoja, kitabu kimoja, na kila mmoja anamwambia asimsikilize mwingine. Angejuaje?

Vijana wa ikulu walikuwepo. Walikuwa wakijifunza kusoma kwa pande zote mbili, na kwa Kiganda Wakristo wa mwanzo waliitwa abasomi, wasomaji. Ndivyo ilivyokuwa: kuamini na kusoma vilikuwa kitu kimoja kiasi kwamba neno la kusoma lilibeba na maana ya kusali. Sijui kama kuna Wakristo popote waliowahi kupewa jina zuri kuliko hilo.

Mutesa akafa 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Kati ya 1885 na 1887 wasomaji wakauawa, na kumbukumbu za makanisa zinawataja Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Siku kubwa ni tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, walipochomwa moto pamoja. Wauaji hawakuwatenganisha. Kuni hazikuuliza nani ana o na nani ana u.

Ukiambiwa usimulie mwendelezo wa kisa hiki kwa kukisia tu, utasema baada ya moto ule hao watu hawakuweza tena kutengana. Mimi nilidhani hivyo. Lakini tarehe 24 Januari 1892, miaka isiyotimia sita baada ya Namugongo, wasomaji wa upande mmoja na wasomaji wa upande wa pili walipigana kwa bunduki kwenye vilima vya Mengo. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waanglikana Waingereza, ingawa karibu wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliegemea upande wa Waanglikana, akiwa na bunduki ya Maxim. Misheni ya Rubaga ikateketezwa. Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Baadaye vyeo na maeneo vikagawanywa kwa madhehebu, na mpasuko huo ukaendelea kuonekana kwenye vyama vya siasa vya Uganda hadi siku za uhuru.

Najua mwanahistoria atanivuta shati: vita vile vilihusu pia vyeo, silaha, na Wazungu wawili wanaogombea nchi ya watu. Ni kweli, na sitaki kusema mistari ya Biblia ndiyo iliyofyatua risasi. Lakini mistari ndiyo iliyokuwa imeshawafundisha watu kupanga mistari, huyu upande huu, yule upande ule, muda mrefu kabla bunduki hazijagawiwa. Tamaa ya madaraka ilikuta kazi ya kutenganisha imeshafanyika.

Kuna tarehe mbili nyingine huwa zinanikosesha raha. Mackay alikufa Februari 1890, kusini mwa ziwa. Lourdel alikufa Mei mwaka huohuo, Buganda. Wote walikuwa kaburini karibu miaka miwili kabla ya Mengo. Waliobishana mbele ya mfalme hawakusikia risasi hata moja ya 1892. Walioharibikiwa ni waliokuwa wakisikiliza.

*

Mtu makini atauliza: je, basi tunyamaze? Swali hilo ni la haki, na katika mji kama Bagamoyo huwezi kulikwepa. Hapa waliletwa watu wamefungwa minyororo, wakavushwa Unguja. Na tunajua kwamba katika karne zile kulikuwa na Wakristo, ng'ambo huko, waliofungua Biblia na kuutetea utumwa kwa mistari. Kama kila mtu angesema "tusibishane, tutagawanyika," wangegawanyika kweli? Wangekaa kwa amani nzuri sana, juu ya migongo ya watu wengine.

Paulo mwenyewe hakunyamaza. Katika Wagalatia sura ya 2 anaeleza alivyompinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, tena hadharani. Petro alikuwa akila na Wakristo wasio Wayahudi. Walipofika watu fulani akaogopa, akajitenga. Paulo akaona watu wanasukumwa mbali na meza, akasema.

Kwa hiyo mtu huyuhuyu anabishana Antiokia na anamkataza Timotheo asibishane. Je, anajipinga? Mimi naona jibu liko kwa yule yule msikilizaji. Kule Antiokia, ukimya ndio uliokuwa unawaumiza: kuna watu walikuwa wanaachwa na sahani mikononi. Kwenye vita vya maneno, kusema ndiko kunakowaumiza. Swali la kujiuliza ni moja: nani atalipa nikinyamaza, na nani atalipa nikisema? Kama katikati ya mabishano kuna mtu anayeonewa, sema, hata ukibaki peke yako. Kama katikati nipo mimi na akili yangu, nimekosea njia.

Jiulize sasa, usiku ule uani, katikati alikuwepo nani? Bibi hakuwa anadhulumiwa na ukimya wa binti yake. Mama mdogo hakumzuia mtu kusali. Aliyekuwa anasukumwa mbali na meza ni yeye, na hata chakula hakula. Nilidhani nasimama kama Paulo, kumbe nilikuwa Petro.

Na pwani yetu ina kumbukumbu nyingine, ya upande wa pili. David Livingstone, Mprotestanti wa Scotland, alifariki kwa Chitambo mwaka 1873. Wenzake wa safari waliubeba mwili wake kwa miezi hadi baharini. Miongoni mwa viongozi wao alikuwepo Chuma, aliyebatizwa Ukristo, na Susi, ambaye wakati ule alikuwa Mwislamu. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokewa kwenye misheni ya Wakatoliki. Mnara wa lile kanisa la zamani bado upo, mgeni yeyote anaonyeshwa. Hakuna aliyewaambia Susi na Chuma wabaki nje mpaka ijulikane nani ana vitabu 66 na nani ana 73. Walikuwa na maiti mabegani na wamechoka. Wakafunguliwa mlango.

Wapagazi wa imani mbalimbali wakiingia na Mprotestanti aliyekufa, mapadre wakimpokea. Na miaka minne baadaye, kutoka mji huohuo, padre anaondoka kwenda kugombana na Mprotestanti aliye hai. Sijui kwa nini maiti hutuweka sawa kuliko wazima. Lakini kwenye msiba wetu hata maiti hakuweza.

*

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Kiwangwa. Nilikuwa na Biblia yangu kwenye mkoba na kilo mbili za sukari. Nilipiga hodi. Akasema karibu. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba baba, umekula? Hakuna aliyesema "Tumsifu" wala "Bwana asifiwe". Tulitumia salamu ambazo bibi angezielewa.

Nilimwomba radhi baada ya chakula. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia usiku ule nilimsomea kitu ambacho sikuwa nimekisoma. Akakaa kimya muda mrefu, anapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema na yeye ule mstari wake aliupata kwenye mahubiri, sura yenyewe aliikumbuka nusu nusu. Akaniomba nimpe hicho kitabu changu kisichokuwepo kwake, "nione Yuda alisema nini."

Tulisoma 2 Wamakabayo 12 yote, yeye akisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari kama alivyonifundisha. Kisha tukachukua Biblia yake tukasoma Waebrania 9, zamu yangu. Kuna habari ya towashi wa Ethiopia kwenye Matendo, anayesoma Isaya garini na anakiri mbele ya Filipo kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi naye. Nilikuwa nikifikiri mkazo uko kwenye kuongoza. Siku hiyo nikaona na kule kupanda na kuketi: walikuwa na chuo kimoja mbele yao wote wawili, na wote wanaangalia upande mmoja.

Tulipomaliza, mama mdogo akauliza, "Hawa walikutwa na hirizi nguoni. Yuda aliwaombea wa nini, wakati kosa lao limeonekana wazi?" Nikamwambia sijui, labda kwa sababu walikuwa wake. Akaguna. Na yeye nikamuuliza, kama Kristo alishajitoa mara moja kwa wote, tunaogopa nini kumtaja bibi mbele yake? Akasema hapo itabidi afikiri, ila nisidhani amekubali. Sikudhani. Hajakubali, na mimi sijabadilika. Naamini bado kwamba bibi anaombewa, na yeye anaamini bado kwamba bibi yuko mikononi mwa Mungu bila kusubiri sauti zetu. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kuifunika kwa maneno laini ingekuwa namna nyingine ya kutosoma.

Kumbukumbu ya bibi inakaribia. Alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mananasi manne kwenye kiroba, hataki nimpokee. Basi lilipoonekana kwa mbali akasema atakuja.

"Ila rozari sitaitikia," akasema. "Nitakuwa jikoni."

Nikamwambia jikoni ndiko bibi alikokuwa kila mara tukisali.